Lami Nzuri ya Bondeni

Jumatatu, tarehe 2

Mwanangu, kama ulitaka mtu wa kuandika "jua" na "mvua" basi, ungemnunulia kuku kalamu. Unaniwekea daftari mezani kama mwalimu anayempa mtoto kazi ya likizo, "Mama, kila siku niandikie hali ya barabara, wageni wanataka kujua," halafu hata chai humalizi, umeshawasha gari. Mimi shule niliishia darasa la nne na kalamu naishika kama mwiko, lakini nikianza kusema nasema, na nikianza kuandika ni yale yale.

Haya. Hali ya barabara: imelowa. Mvua za msimu zimeanza leo. Hali ya nyumba, ambayo hukuiuliza: bati la jikoni linavuja juu ya jiko, tone linaingia kwenye mafuta, mafuta yananirukia mkononi. Nilikwambia tangu kiangazi. Ukasema, "Mama, nitaleta mtu." Huyo mtu anakuja akitambaa?

Jumanne, tarehe 3

Mvua. Wageni wamerudi wanatetemeka, wamejaza matope mpaka kwenye foronya. Watu wazima, wana ndevu.

Alhamisi, tarehe 5

Mwanangu anasema huenda akawasomea wageni haya ninayoandika. Basi nijieleze, wasije wakasema bibi kachanganyikiwa.

Nyumba yetu ni ya mawe meusi, yale yenye vitundu kama mkate, ambayo mlima uliyatema siku zile ulipokuwa na hasira zake. Imekaa pale barabara inapogawanyika. Mkono wa kulia inapanda Mgongoni, inazunguka mdomo wa mlima, kilima juu ya kilima mpaka magoti yanaomba radhi. Mkono wa kushoto inashuka Bondeni. Wageni wanakuja na baiskeli zao nyepesi kama vijiti, wanalala vyumba vya nyuma, asubuhi wanapanda Mgongoni kwa sababu huko hakuna magari. Wanachokitafuta ni kimya. Mjukuu wangu, binti wa huyu mwanangu, ndiye anayewaongoza, anakwenda mbele. Namwita mke mwenzangu, naye ananiita hivyo hivyo. Fundi wa baiskeli anakwenda mwisho na pampu yake na viraka vyake. Mwanangu anazunguka na gari kwa barabara kuu, anawasubiri upande wa pili na maji na nguo kavu. Ndiyo kazi ya nyumba hii, na inatulisha.

Huyo fundi simpendi. Mwembamba, anatabasamu hovyo, kucha zake nyeusi kama kaanguliwa kwenye grisi. Leo kaingia jikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mikono."

"Nimeosha, bibi."

"Umeosha na nini, na lami?"

Mjukuu akacheka, na nikaona alivyomtazama huku akicheka. Kumbe. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Mke mwenzangu, mume tulishapata, babu yako. Huyu wa grisi wa kazi gani?"

"Babu nimekuachia wewe," akasema. "Mimi nataka aliye hai."

Mdomo ule kautoa wapi, sijui. Mama yake hakuwa hivyo. Baba yake hayuko hivyo.

Jumatatu, tarehe 9

Mgongoni imekatika. Mvua ya usiku imeangusha kilima kizima juu ya barabara, udongo mwekundu na majiwe kama nyumba. Watu wa barabara wamekuja, wametazama, wamepiga picha, wamekwenda. Wanasema mpaka mvua zipite.

Mwanangu kakaa mezani, kijiko kwenye chai kinazunguka tu. Halafu akasema neno ambalo nililijua kabla hajafungua mdomo. "Bondeni."

Bondeni kuna hewa mbaya. Kila aliyezaliwa kwenye vilima hivi anajua, na yeye amezaliwa hapa, nilimzaa chumba hicho hicho anacholala. Hewa ile inatoka ardhini. Haina moshi, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya watu, inajilaza chini kabisa kama maji kwenye bakuli. Upepo ukivuma inatawanyika. Asubuhi iliyotulia baada ya mvua, bakuli limejaa. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani, hakiinui tena. Ndiyo maana machimbo ya kokoto ya kule chini yalifungwa, na lami iliyowekwa kwa ajili ya malori imebaki nzuri mpaka leo, haina shimo hata moja, kwa sababu haikanyagwi. Sisi tukilazimika kupita, tunashuka na kibatari kinachowaka, tumekining'iniza kwa waya chini ya magoti. Kikizimika, unageuka. Hutafuti kiberiti. Unageuka.

"Mama," akasema, "mtu wa miguu anakaa mle muda mrefu. Baiskeli inashuka na kasi, inapanda na kasi ile ile. Wamepita kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Na akisimama?"

"Asimame afanye nini? Hakuna kitu kule."

"Na mimi nakuuliza, kwa nini hakuna kitu kule?"

Akacheka, akanishika bega. Huyu ndiye aliyebaki. Ndugu zake walikwenda kutafuta maisha huko walikokwenda, yeye akayaleta maisha hapa mlangoni kwangu, nikapata wa kumpikia. Kwa hiyo nilinyamaza. Lakini sikukubali. Nimeliandika hilo hapa ili lijulikane.

Jumamosi, tarehe 14

Wameshuka Bondeni leo mara ya kwanza. Nilifunga kibatari kwenye baiskeli ya mjukuu, chini, karibu na tairi la mbele. Kimezimika kona ya kwanza, kwa upepo wa mwendo wake mwenyewe. Wageni wakakipiga picha. Mwanangu akasema, "Mama, baiskeli hizi zina taa za umeme." Nikamwambia taa ya umeme haina akili, inawaka hata kaburini.

Nilikaa nje kwenye mvua mpaka simu ikalia kwamba wamefika. Wote. Wazima. Waliporudi jioni mgeni mmoja, mwanamke mwenye miguu kama nguzo, akaniambia hajawahi kuendesha kwenye barabara tulivu namna ile: hakuna gari, hakuna mbwa, hata ndege hasikiki. Alilisema kama sifa. Nikamwongezea mkate.

Jumapili, tarehe 15

Fundi kaja jikoni, mikono kaosha kweli.

"Bibi, kile kibatari nipe mimi."

"Ukapikie nini?"

"Nitashuka nacho kwa miguu kabla hawajaondoka. Kikiwaka mpaka chini, narudi mbio, tunaondoka pale pale. Kikizimika, tunalala."

"Mwanangu ndiye kakutuma?"

"Hapana."

"Sasa nani?"

Akawa anatazama jiko, hanitazami mimi. "Yeye anakwenda mbele, bibi. Wa mbele ndiye anayefika chini kwanza."

Nikampa. Nikamwambia akirudishe kikiwa safi.

Alhamisi, tarehe 19

Mvua usiku, upepo asubuhi. Kibatari kimewaka. Wamepita.

Ijumaa, tarehe 20

Wamepita.

Jumamosi, tarehe 21

Wamepita. Mgeni kasahau soksi sebuleni. Moja. Mtu anapotezaje soksi moja?

Jumapili, tarehe 22

Nimeamka nasikia nyundo juu ya kichwa changu. Fundi yuko juu ya bati la jikoni na mvua inamnyeshea. Hakuombwa. Anakata mpira wa tairi bovu vipande vidogo, anavipaka ile gundi yake ya kuzibia pancha, anaziba kila tundu la msumari.

"Shuka, utavunjika shingo!" nikamwita.

"Nikivunjika, bibi, si utafurahi?"

"Nitafurahi, lakini nani atafagia?"

Mjukuu kashika ngazi chini, anacheka mpaka ngazi inatetemeka. Alipomaliza nilisimama jikoni nikatazama juu. Nje mvua inapiga kama mawe, ndani kukavu. Yule mtu uliyeahidi kumleta, mwanangu, siku zote anakula mezani kwako.

Nimempa kiti cha karibu na jiko. Nimemwambia ni kwa sababu nguo zake zinalowesha viti vingine.

Alhamisi, tarehe 26

Kibatari kimezimika.

Fundi karudi kutoka chini anahema, matope mpaka kiunoni, kibatari kimeshikwa kama kitu kilichokufa. "Leo hapana," akasema. Wageni walikuwa wameshavaa kofia zao ngumu, wamekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini.

"Upepo umekizima," mwanangu akasema.

"Bosi, upepo haupo. Ndiyo shida yenyewe."

Mwanangu akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya furaha ile anayowawekea wao, "Samahanini, fundi wetu anaogopa asubuhi." Wageni wakacheka. Fundi akatabasamu, akaenda kuegesha baiskeli. Mjukuu hakutabasamu. Alimwangalia baba yake kama anayemwona mtu wa dukani asiyemjua.

Mimi sikulipenda, lakini sikusema kitu, maana nilikuwa na hasira zangu. Wageni wakibaki ndani siku nzima wanakula kama nzige na wanauliza maswali. Mpaka jioni nilikuwa namlaumu fundi moyoni, kama yeye ndiye aliyeileta hewa.

Jumamosi, tarehe 28

Wamepita.

Jumatatu, tarehe 30

Wamepita. Mwanangu anasema sasa wageni wanaulizia Bondeni kwa jina. Mgongoni hawaitaki tena. Wanasema lami ile inateleza kama hariri, na kimya chake hakuna mfano. Hata mimi nimeanza kulala usingizi. Labda nimezeeka, labda tuliogopa bure miaka yote. Mtu ukiona jambo linapita salama kila siku, unaanza kuliita salama.

Jumatano, tarehe 1

Mvua ndogo. Wamepita. Nimemuuliza fundi mama yake anaishi wapi. Kasema ng'ambo, kwenye kilima cha pili, nyumba yenye mlango wa kijani, na yeye ndiye mtoto pekee. Nimesema, "Mlete siku moja anywe chai." Mjukuu kaangusha sahani.

Jumapili, tarehe 5

Naandika ya jana.

Jana asubuhi fundi alishuka, kibatari kikawaka mpaka chini, kulikuwa na upepo mdogo. Karudi mbio, kasema twendeni. Lakini wageni walikuwa bado mezani. Walikuwa wanausifu mkate wangu. Mmoja, mwanamume mnene mwenye sauti kama ngoma, alisema hajala mkate kama ule tangu utoto wake, na mimi nikawaongezea chai na nikakaanga mayai mengine. Fundi kasimama mlangoni.

"Bibi, upepo unakata."

"Waache watu wale."

Akaenda, akarudi tena. "Bibi."

"Hebu toka mlangoni, unaniletea baridi."

Walipotoka, majani ya mti wa uani hayakutikisika hata moja. Nililiona hilo. Nilikuwa nimeshika sinia, nikaliona. Fundi akasema anashuka tena na kibatari. Mjukuu akaitika. Hapo simu ikalia, mwanangu ameshafika upande wa pili, anauliza mko wapi. Wakaondoka, kibatari kikabaki mlangoni.

Nilikuwa naosha vikombe. Nikasikia viatu barabarani, vile viatu vyao vyenye chuma chini, vinagonga na kuteleza. Yule mnene anakuja kwa miguu, hana baiskeli, uso umepauka, mdomo unafunguka sauti haitoki. Sikumsubiri. Nilishuka ile barabara na kandambili za ndani. Sijakimbia tangu mume wangu alipokufa, lakini nilikimbia.

Nilipofika pale inapoanza kushuka hasa, nikawaona wanakuja juu. Mjukuu wangu anarudi kinyumenyume, ameshika koti la mvua la fundi kwenye kola kwa mikono miwili, anamvuta juu ya lami, anaanguka, anainuka, anamvuta. Macho mekundu. Mate yanamtoka. Nikashika kola na mimi. Tulimvuta mpaka kwenye kona, penye hewa safi, tukamlaza, nikampiga kifuani, nikampulizia mdomoni kama ninavyowasha moto, nikamtukana. Nilimwita kila jina baya ninalolijua. Mkononi alikuwa bado ameshika kile kichuma cha kufungulia tairi, vidole vimefunga, sikuweza kukitoa.

Hakuamka.

Nilipoinua kichwa nikamwona mwanangu. Amesimama ng'ambo, ukingo wa pili, mdogo kama kidole, mikono kichwani. Hawezi kuvuka kuja kwetu. Katikati yetu ile lami nzuri, nyeusi, inang'aa, na chini kabisa baiskeli ya mgeni imegeuzwa magurudumu juu, tairi la nyuma limevuliwa nusu. Ile taa yake nyekundu inapepesa, inapepesa, kama hakuna lililotokea. Hakukuwa na sauti yoyote. Ndicho kile kimya wanachokuja kukitafuta.

Mjukuu yuko hospitali. Wamempa hewa ya mtungi. Ataishi.

Jumatatu, tarehe 6

Tumemzika fundi. Mama yake ni mwanamke mfupi, amevaa viatu vya mtoto wake, vikubwa, kwa sababu vyake viliharibika na mvua. Hakulia mbele ya watu.

Watu wakauliza ilikuwaje. Mwanangu akasema, "Alijisahau. Tairi la mgeni lilipata pancha kule chini, akachuchumaa kuziba. Ujana tu." Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Fundi mzembe hafiki mbali." Nikamtazama mwanangu amkanye yule mtu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumanne, tarehe 7

Mvua.

Jumatano, tarehe 8

Mjukuu karudi nyumbani. Anakohoa, kichwa kinamuuma, anatembea kama anayehesabu vigae. Baba yake alimfungulia mlango wa gari, yeye akatokea mlango wa pili.

Nimempelekea uji chumbani. Hakuugusa. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kula." Akasema, "Usiniite hivyo leo, bibi." Nikakaa kitandani.

Halafu akasema, ukutani, si kwangu:

"Hakujisahau."

"Najua alikuwa mwangalifu."

"Hujui, bibi. Wengine walikuwa wameshapanda. Mnene ndiye aliyepata pancha, pale chini kabisa, na mimi nikageuka nikawarudia. Tumesimama wote watatu. Fundi akaangalia majani, akasema, tunaibeba mpaka juu, twendeni sasa hivi. Ameshainyanyua baiskeli begani. Simu ikalia. Baba. Nikaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yangu ilikuwa imelowa."

"Akasema nini?"

"Akauliza kuna nini. Fundi akamwambia, 'Bosi, pancha, naibeba juu.' Baba akasema, 'Utaibeba mpaka lini? Wageni huku wanaganda. Ziba hapo hapo, dakika moja, acha uoga wako.'" Akakohoa. "Fundi akanitazama, akatabasamu vile anavyotabasamu. Akaishusha. Akaniambia, 'Wewe baki umesimama, usiiname, hata nikiangusha kitu usiiname.' Akachuchumaa. Alikuwa na haraka, bibi, kweli dakika moja. Halafu akalala ubavu, taratibu, kama mtoto. Nikadhani ananitania. Niliita jina lake nikacheka."

Uji ulishapoa. Niliula mimi, wote, nimesimama dirishani, kwa sababu nilihitaji kitu cha kufanya na mdomo wangu.

Alhamisi, tarehe 9

Sijui niandike nini. Bati halivuji.

Jumamosi, tarehe 11

Nimemsubiri mwanangu aje mwenyewe aniambie. Siku mbili nimempikia, nimemwekea maji ya kuoga, nimemuuliza anataka chumvi. Hakusema. Leo kaingia jikoni anaandika kwenye simu, akasema, bila kunitazama, "Mama, Jumatano kuna kundi. Vitanda viwe tayari."

"Wanapita wapi? Mgongoni bado."

Akaendelea kuandika.

"Nakuuliza wewe. Wanapita wapi?"

"Watapita haraka. Nimewaandikia, ni marufuku kusimama. Mwenye pancha asukume mpaka juu."

"Kumbe unajua kwamba anatakiwa asukume mpaka juu."

Hapo akainua kichwa. Akajua kwamba najua. Uso wake ukawa ule wa utotoni, alipokuwa anavunja kitu na kusimama mbele ya vipande. Ungemwona ungemhurumia. Nilimhurumia. Mimi ni mama yake.

"Nilisema dakika moja tu," akasema. "Nani angejua?"

"Wewe. Umezaliwa hapa."

"Na wewe, Mama? Nani aliyewakalisha mezani? Alikwambia upepo unakata, mjukuu wako kanieleza hospitali. Alikwambia zaidi ya mara moja. Ukawakaangia mayai. Nikisema la simu, na wewe utasema la mayai?"

Alidhani amenipata. Na alinipata, lakini si alivyodhani.

"Nitasema," nikamwambia.

"Hatutapata tena mgeni hata mmoja. Nyumba hii itakufa."

"Ameshakufa mtu. Nyumba itangoja."

Akatoka, akaubamiza mlango. Nimelea mtoto anayebamiza milango, na nilikuwa najivuna naye kila penye watu.

Jumapili, tarehe 12

Mama wa fundi kaja leo. Kapanda kilima chake, kashuka, kapanda chetu, kwa miguu, kwa barabara kuu, na vile viatu. Nilimwona kwenye kona ananiulizia kwa mtu, nikatoka kumpokea. Nikamketisha kwenye kiti cha karibu na jiko. Sikumwambia ni cha nani.

Hakuja kwa vifaa vya mtoto wake, ingawa nilikuwa nimevifunga tayari. Hakugusa chai. Akasema, "Dada, nina swali moja, nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu wewe ni mtu mzima kama mimi. Mwanangu alikuwa anashuka kule na kibatari kila asubuhi. Alinieleza. Alijua kuliko wote. Kwa nini alichuchumaa?"

Nikafungua mdomo. Mjukuu alikuwa kasimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango. Tungeweza kumwambia pale pale, mimi au yeye.

"Watu wanasema alikuwa mzembe," mama yule akasema. "Nikienda kisimani kuchota maji wananyamaza. Mimi nililea mtoto peke yangu, sikulea mzembe. Kama ni mzembe niambie, nitalimeza. Lakini lazima nijue ninameza nini."

Nikamwambia, "Hakuwa mzembe. Hilo lichukue leo, uende nalo. Mengine anapaswa kukwambia mtu mwingine, na kesho asubuhi utamwona mlangoni kwako. Asipokuja nitakuja mimi na nitasema yote, yake na yangu."

Akanitazama sana. Akanyanyuka. Mjukuu akamsindikiza, wakashuka wameshikana mikono, mmoja anakohoa na mwingine anaburuta viatu.

Sasa ni jioni, mvua imekata. Mwanangu, umekaa uani ndani ya gari, vioo umefunga, unajifanya unaongea na simu. Daftari hili ninakuletea, nitaliweka juu ya usukani, na utalisoma mpaka hapa wakati mimi nimesimama nakutazama.

Waandikie wa Jumatano wasije. Usiwaambie mvua, waambie mtu amekufa na kwa nini. Kesho kukipambazuka tunakwenda kwenye mlango wa kijani, kwa miguu, kwa njia ya barabara kuu hata kama ni mbali. Utasema: alitaka kuibeba, mimi nikamkataza. Usiweke "lakini" mbele wala nyuma. Mimi nitakuwa kando yako na la kwangu. Akikutukana, simama. Akikupiga, simama. Akikwambia uende kwa watu wa kisimani ukayarudie hayo mbele yao, utakwenda. Tukirudi utachukua sururu na mtaimbo, na wewe mwenyewe, si kibarua, utaanza kuing'oa lami ile pale inapoanza kushuka, mpaka asipite hata mwenye gurudumu moja.

Zima simu. Shuka kwenye gari.